Kuacha kazi ukasomee uongozi wa michezo: anzia Mkwakwani, fomu ya chuo baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kazi yake. Una shahada ya kwanza ya ualimu, uhasibu, sheria au biashara. Unaishi Tanga, pengine una familia, mshahara unaingia kila mwezi, lakini roho yako iko uwanjani, pale Mkwakwani, uwanja wa mpira wa Tanga. Umesikia kuna shahada ya uzamili ya uongozi wa michezo na unataka kurudi darasani ubadilishe maisha. Jambo hilo linawezekana. Ninachokipinga ni mpangilio ambao wengi huufuata: chuo kwanza, kisha mkopo, kazi itajulikana huko mbele. Mimi nakushauri uanze na kazi, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua hadi ufike kwenye chuo.

Hatua ya kwanza: itaje kazi kwa jina

"Napenda mpira" haijawahi kumwajiri mtu. Keti na karatasi uandike kazi unayoitaka, na nani anailipa.

Vijana wengi ukiwauliza watasema wanataka kuwa wasemaji wa klabu, kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana kwenye televisheni. Wanamfikiria Haji Manara, aliyewahi kuwa msemaji wa Simba na kisha Yanga, na maneno yake. Sawa, lakini klabu moja ina msemaji mmoja, na nafasi hiyo mara nyingi hupewa mtu mwenye mdomo na mashabiki tayari. Hakuna chuo kinachotoa cheti cha mdomo.

Kazi zilizojificha ni nyingi kuliko hiyo. Kanuni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, za leseni za klabu hupima mambo matano: upande wa michezo wenyewe, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Ukiisoma orodha ya watumishi wanaotakiwa, unakuta mtendaji mkuu, mtu wa fedha, ofisa habari, ofisa usalama, daktari. Klabu isiyotimiza masharti inajiweka katika hatari ya kukosa leseni. Kwa hiyo karatasi za leseni zenyewe ni kazi: kuna mtu lazima azikusanye, azijaze na kuzitetea.

Kuna usajili pia. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa mchezaji wa kulipwa kutoka nchi moja kwenda nyingine lazima upite kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa uhamisho, na klabu inahitaji mtu anayeujua. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji wa kigeni waliovunjiwa mikataba. Mwanasheria anayesoma mkataba kabla haujavunjwa angeokoa fedha nyingi hapo. Kuna udhamini na masoko, kuna tiketi na mapato ya mlangoni, kuna uendeshaji wa uwanja, kuna haki za matangazo. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka nchini, TFF, walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu. Fedha ya namna hiyo ikianza kuzunguka, wahasibu hupata kazi kuliko washambuliaji.

Nje ya klabu kuna TFF, Bodi ya Ligi, Baraza la Michezo la Taifa (BMT lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967), Kamati ya Olimpiki Tanzania, vyama vya riadha, netiboli na kikapu, maofisa michezo wa halmashauri, na mashindano yenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda tumeshaandaa pamoja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025, na AFCON ya 2027 tumekabidhiwa sisi watatu. Ila usihesabu kazi za mashindano kama ajira. Ni vibarua vya miezi, vizuri kwa wasifu, vibaya kwa kodi ya nyumba.

Ukishaandika kazi tatu unazozitaka, futa mbili.

Hatua ya pili: ingia ndani ukiwa bado na mshahara

Hapa ndipo mtu wa Tanga ana bahati kuliko mtu wa Dar es Salaam, na wengi hawaioni. Kariakoo kuna Simba na Yanga, na kila mlango una watu hamsini wanaosubiri. Tanga kuna Coastal Union, bingwa wa Bara mwaka 1988, na kuna African Sports, Wana Kimanumanu, klabu kongwe iliyokuwepo kabla ya Uhuru. Klabu zote mbili ni za wanachama, na ukishajiunga unaweza kuzungumza na kiongozi wako ana kwa ana. TFF nayo ina kituo chake cha ufundi Mnyanjani. Kuna chama cha mkoa, kuna ligi ya wilaya, kuna ndondo, yaani mashindano ya mtaani, kila kata kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, kuna michezo ya shule za sekondari na za msingi, UMISSETA na UMITASHUMTA, kila mwaka. Wanaotaka kucheza na kutazama wamejaa. Wanaotaka kuandika muhtasari wa kikao ni wachache.

Usiende klabuni kuomba "nafasi". Nenda na kazi moja yenye mwisho. Mhasibu aseme: nipeni daftari la mapato na matumizi ya msimu uliopita, nitawatengenezea taarifa ambayo mdhamini anaweza kuisoma. Mwalimu aseme: nitasajili wachezaji wa timu ya vijana, nihakiki vyeti vya kuzaliwa, niweke faili la kila mtoto. Mwanasheria aisome katiba ya klabu na kuonyesha vifungu vinavyogongana. Mtu wa bandarini anayejua kupanga mizigo na muda anaweza kuichukua safari ya timu ya kwenda Mbeya: basi, hoteli, chakula, posho, risiti.

Jiandae kwa mambo mawili. La kwanza ni fitina. Mtu mpya mwenye shahada anayeuliza risiti ziko wapi hapendwi siku ya kwanza, na kijiweni watasema umetumwa na kambi fulani. Usijibu; kabidhi kazi uliyoahidi. La pili ni kwamba hutalipwa, au utalipwa nauli. Ndiyo maana nasema ufanye hivyo mshahara ukiwa bado unaingia, jioni na mwisho wa wiki.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaieleza kwenye ufadhili na kwenye barua ya maombi. Lakini kuna faida ya haraka zaidi: utajua kama kazi yenyewe unaiweza. Msimu wa 2024/25 Coastal ilizikaribisha Yanga na Simba katika mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Shabiki alihuzunika kukosa mechi Mkwakwani. Mtu wa utawala ilimbidi afikirie mabasi, malazi, mapato yaliyopotea, na jinsi ya kujadiliana juu ya uwanja ambao mwenye nao ni CCM wala si klabu. Kama orodha hiyo imekuchosha kuisoma tu, basi unapenda mpira, na hilo halina ubaya wowote. Kata tiketi, kaa jukwaani, ubaki na kazi yako.

Hatua ya tatu: pima kama uzamili unahitajika

Si kila mlango wa michezo unafunguliwa na masta.

Wakala wa wachezaji anahitaji leseni ya FIFA, ambayo tangu 2023 hupatikana kwa mtihani: maswali 20 ya kuchagua, na ufaulu ni asilimia 75. Kocha anahitaji leseni za ukocha. Anayetaka kuwa ofisa michezo wa halmashauri asome kwanza matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa makini, maana kinachoangaliwa ni fani ya shahada ya kwanza au stashahada. Uzamili juu ya shahada ya uhasibu unaweza usikusaidie pale. Kwa njia hiyo, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba, Mwanza, kinachofundisha ukocha, elimu ya michezo na utawala wa michezo, kinaweza kukufaa zaidi kuliko chuo cha Ulaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Uzamili una maana kwa watu wa aina tatu: anayelenga utendaji mkuu au ukuu wa idara kwenye klabu kubwa au shirikisho, anayelenga mashirika ya kimataifa kama CAF na FIFA, na anayetaka kufundisha chuoni. Simba ilipomleta Senzo Mazingisa kutoka Afrika Kusini mwaka 2019, na Yanga nayo ikamchukua baadaye, klabu zetu zilionyesha kwamba ziko tayari kumlipa mtu wa utawala, hata kumtoa nje. Mtanzania anayetaka kiti hicho anashindana na wasifu wa aina hiyo.

Hatua ya nne: chagua programu

Nitazipanga kwa kadiri zinavyomfaa mtu wa Tanga mwenye kazi, wala sitafuata umaarufu.

Ya kwanza ni MEMOS, uzamili wa utendaji katika usimamizi wa mashirika ya michezo, unaoungwa mkono tangu 1995 na Mshikamano wa Olimpiki (Olympic Solidarity), mpango wa misaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuacha kazi: unakutana na wenzako kwa vipindi, na katikati unafanya mradi wa kuboresha jambo fulani ndani ya shirika lako la michezo. Sharti lake ndilo linalowakwamisha wengi, maana lazima upitie kamati ya Olimpiki ya nchi yako. Asiyejulikana na chama chochote cha michezo hawezi kupendekezwa. Umeona kwa nini hatua ya pili imetangulia?

Ya pili ni njia ya nyumbani ambayo watu huidharau. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tanga, na unaweza kusoma uzamili wa biashara huku ukiendelea na kazi, kisha tasnifu yako ukaiandika juu ya michezo: kwa mfano, mapato ya mlangoni ya klabu za mikoani, au kwa nini wadhamini huondoka baada ya msimu mmoja. Ukimaliza una shahada inayotambulika benki, bandarini na kwenye klabu. Kwa mtu mwenye watoto shuleni na umri unaokaribia arobaini, hii ndiyo ningeiweka mbele.

Ya tatu ni FIFA Master, iliyoanza mwaka 2000 chini ya CIES, kituo cha kimataifa cha masomo ya michezo kilichoko Neuchâtel, Uswisi. Ni mwaka mmoja katika nchi tatu: historia na taaluma za kibinadamu (humanities) za michezo De Montfort, Leicester, menejimenti SDA Bocconi, Milano, sheria Chuo Kikuu cha Neuchâtel. Darasa lina wanafunzi takriban 30 tu kutoka duniani kote, kwa hiyo ushindani ni mkali, na ada yake si ya mshahara wa mwalimu. CIES hiyohiyo ina vyuo washirika Afrika, kikiwemo Nelson Mandela cha Afrika Kusini na Cheikh Anta Diop cha Dakar, vinavyotoa kozi fupi kuliko uzamili.

Uingereza kuna uzamili wa mwaka mmoja Loughborough na Stirling, na Liverpool ilianzisha uzamili wa biashara wa sekta ya soka mwaka 1997. Mwaka mmoja maana yake mwaka mmoja bila mshahara badala ya miwili, na hesabu hiyo ni muhimu kuliko jina la chuo.

Marekani ndiko fani hii ilikozaliwa: Chuo Kikuu cha Ohio kilianza kuifundisha mwaka 1966. Kozi huchukua kama miaka miwili, na wapo wanaosamehewa ada kwa kufanya kazi kwenye idara ya michezo ya chuo. Lakini sehemu kubwa ya mafunzo huko inahusu michezo ya vyuo vyao, sekta yenye viwanja vya watu laki moja na wafadhili wa kudumu. Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Kabla ya kuomba, soma orodha ya masomo moja moja, uhesabu mangapi yangekusaidia Mkwakwani.

Vyuo vingi vya hapa nyumbani huanza kukupokea kwenye uzamili ukiwa na GPA ya 2.7 kwa kipimo cha 5. Aliyepata chini ya hapo aulize kuhusu stashahada ya uzamili kwanza.

Hatua ya tano: fedha

Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa sehemu kubwa huenda kwa shahada ya kwanza, hivyo usijenge mpango wako juu yake.

Ufadhili ninaoupendekeza kwa watu wa hali yetu ni Chevening wa serikali ya Uingereza. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Unachagua kozi tatu, na lazima uwe na uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi. Saa za kujitolea zinahesabiwa, kwa hiyo zile jioni za klabuni ambazo hukulipwa zinaingia hapa, mradi una barua ya kuzithibitisha. Masharti yanakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Kwa mtu anayelenga AFCON na ligi yetu, sharti hilo halina uzito.

Andika gharama zote kabla hujashika fomu: ada ya maombi, IELTS (mtihani wa Kiingereza; hufanyika Dar es Salaam, na matokeo yake hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kuufanya mapema), pasipoti, viza, nauli, na fedha ya kuonyesha. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, anayejilipia lazima fedha yake iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mchango wa ukoo unaoingia Jumatatu na kutolewa Ijumaa hautakuvusha. Halafu ongeza gharama ambayo haimo kwenye tovuti yoyote: nyumbani watakula nini mwaka mzima wewe ukiwa huko. Zungumza na mwenzako kwa tarakimu, kabla ya kumwambia rafiki yeyote.

Hatua ya sita: barua ya kueleza nia

Vyeti, nakala za matokeo na barua za wadhamini wawili wa maombi yako utavipata kwa subira na simu za mara kwa mara chuoni kwako. Kinachoamua ni barua, na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu. Tunaandika "tangu utotoni nimekuwa mpenzi wa soka". Msomaji wa maombi amesoma sentensi hiyo asubuhi yote.

Andika tatizo ulilolikuta, ulichofanya, na kilichobaki hukijui. Mfano:

"Katika ndondo ya kata yetu mtu mmoja alipokea fedha za mlangoni, akazihesabu na kuzilipa, yote kwenye daftari moja. Niligawa kazi hizo kwa watu watatu na kuweka stakabadhi zenye namba. Baada ya mashindano niliwapa wadhamini taarifa ya kurasa mbili, na wawili kati yao walirudi mwaka uliofuata. Sijui bado namna ya kuuthamini udhamini: kwa nini bango moja liwe laki tano na si milioni mbili. Hicho ndicho ninachokuja kujifunza."

Aya kama hiyo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Usiifunike kwa Kiingereza kikubwa. Mpe mtu mmoja anayejua lugha akusahihishie sarufi, na umkataze kuongeza misamiati.

Mdhamini mmoja awe mwalimu wako wa chuo, mwingine kiongozi wa michezo aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya mbunge au diwani asiyekufahamu haina kazi.

Hatua ya saba: ruhusa kazini

Mtumishi wa umma asiondoke bila ruhusa ya maandishi. Kutoweka kwenda masomoni huhesabiwa utoro, na utoro hufukuzisha kazi. Jina lako na kozi yako viingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, jambo linaloanza mwaka mmoja kabla. Ofisa utumishi atauliza: mwalimu wa hesabu na uongozi wa michezo wapi na wapi? Jibu lake liwe tayari: michezo ya shule, UMISSETA, viwanja vya halmashauri, timu za vijana. Ukiwa tayari ni mratibu wa michezo shuleni kwako, jibu linajitetea lenyewe.

Aliye sekta binafsi aombe likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Wengi hawaombi kwa kudhani watakataliwa.

Hatua ya nane: ukiwa huko, na ukirudi

Miradi yote ya darasani ielekeze nyumbani. Wakikutaka uandike mpango wa biashara wa klabu, usiandike wa Arsenal, maana wa Arsenal wanao. Andika wa Coastal, wa ligi ya netiboli ya mkoa, au wa mashindano ya majahazi na ngalawa Raskazone ambayo hakuna aliyewahi kuyafikiria kibiashara. Utarudi na nyaraka mkononi zenye jina la mji wako, na mazungumzo ya kazi yataanzia hapo.

Endelea kuwatumia viongozi wa klabu ujumbe angalau kila mwezi, hata wa kuwapa pole ya kufungwa. Nafasi nyingi za michezo nchini hujazwa kwa simu kabla tangazo halijatoka.

Kama shahada yako ni ya chuo cha nje, ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa utambuzi mara tu unapopata cheti na nakala ya matokeo, hata kama hakuna kazi uliyoiomba. Waajiri wa umma watakuuliza, na tangazo la kazi la wiki mbili halisubiri barua yako itoke. Peleka pia nakala kwa ofisa utumishi wako wa zamani ili faili lisasishwe, na lipa deni la ada yako ya uanachama uliloliacha klabuni.